Kundi Lenye Mizani

Nimezaliwa na kukulia Kimali, mkoani Simiyu, katika nyumba ya wakulima wa pamba. Leo mimi ni mkufunzi wa hisabati katika chuo cha ualimu. Katikati hapo kuna mwaka mmoja wa chuo kikuu uliokaribia kunirudisha nyumbani mikono mitupu. Ushuhuda huu nautoa kwa ajili ya wanafunzi wanaochukia kazi za makundi, na kwa ajili ya walimu wanaodhani kwamba chuki hiyo ni uvivu au ubinafsi. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliozikataa. Nilikuwa na sababu, na sababu zile nazitetea mpaka leo. Tulishaimbiwa sana kwamba umoja ni nguvu, na wimbo huo haukunisaidia. Kilichonivusha ni kundi la watu wanne waliokubaliana kwanza juu ya haki, ndipo wakafungua madaftari.

Naanza na njia iliyotufikisha chuoni. Nilisoma shule ya kata, moja ya sekondari nyingi zilizoenea vijijini baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza mwaka 2004. Tangu darasa la kwanza, swali la mtu mzima kwa mtoto lilikuwa moja: umekuwa wa ngapi? Matokeo yalibandikwa ukutani, jina la kwanza juu, la mwisho chini, na kila mpita njia akisoma. Kitaifa nako, Baraza la Mitihani lilikuwa likitangaza watahiniwa kumi bora na shule kumi bora, utaratibu ambao lilikuja kuuacha Januari 2023. Mtoto akilelewa hivyo kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha sita, anajifunza somo ambalo halimo katika ratiba: mwenzako akipanda, wewe umeshuka. Anajifunza kufunika daftari kwa mkono.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea, andiko lake la Machi 1967, aliilaumu elimu ya kikoloni kwa kulea moyo wa kila mtu na lake badala ya moyo wa kushirikiana. Mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 nao ulitaka mwanafunzi ajadili, aulize, afanye kazi na wenzake. Lakini darasani kwetu mwalimu mmoja alikuwa mbele ya watoto waliobanana madawatini, na mwisho wa safari ulikuwa mtihani wa mtu mmoja na karatasi yake. Mwalimu aliandika ubaoni, sisi tukanakili. Baada ya miaka yote hiyo tunafika chuo kikuu, na kabla hatujayajua majengo tunaambiwa: kaeni makundi, mjadili, mlete kazi moja.

Nilikwenda chuo kikuu kimoja cha umma, ambacho jina lake nalihifadhi, kusomea shahada ya ualimu, hisabati likiwa somo langu la kufundishia. Katika ukumbi tulikuwa mamia. Mhadhiri aliingia, akafundisha kwa Kiingereza, akatoka, na waliokaa nyuma waliondoka na walichokisikia. Makundi yalikuwa ya watu kumi kumi, na tuliachiwa kuyaunda wenyewe. Waliotoka shule moja wakaitana. Wenye kompyuta mpakato wakaitana. Waliozoea kuzungumza Kiingereza bila kusita wakatafutwa na kila mtu. Sisi wa shule za kata tukabaki kujazia nafasi, na kila aliyekuchukua alikuwa kama amekufadhili.

Ndani ya kundi, kazi ilikwenda kwa njia ambayo mwanafunzi yeyote wa chuo cha Tanzania ataitambua. Wawili watatu wanafanya asaimenti. Wengine wanatoa hela ya kuchapisha kule steshenari na kuihesabu kuwa ndiyo mchango wao. Wengine hawaonekani kabisa, ila jina linakaa karatasini. Mikutano inapangwa saa nne usiku kwa sababu viongozi wa kundi wanakaa hosteli za ndani, na msichana aliyepanga geto nje ya chuo anachagua kati ya alama na usalama wake wa njiani. Ukisema kwa Kiswahili unasikilizwa nusu nusu; ukijaribu Kiingereza na kujikwaa, mtu mwingine anakumalizia sentensi, na wazo lako linakuwa lake.

Katika muhula wa kwanza nilipewa sehemu ya mfuatano wa namba na vikomo vyake. Nilikesha juu yake. Nikaiandika kwa mkono, nikamkabidhi aliyekuwa akichapa kazi ya kundi. Karatasi iliporudi imesahihishwa, sehemu yangu ilikuwemo neno kwa neno, na ilikuwa na alama nzuri. Majina kumi yalikuwa yameorodheshwa ukurasa wa mbele. Langu halikuwemo. Pahali pake palikuwa na jina la rafiki wa kiongozi wa kundi, mtu ambaye hatukuwahi kumwona mkutanoni. Nilipanda ngazi hadi ofisini kulalamika, na nikajibiwa kwamba mambo ya kundi tuyamalize sisi wenyewe ndani ya kundi. Koziweki, yaani kazi za muhula, chuoni kwetu ilikuwa alama 40 kati ya 100, na asaimenti ile ilikuwa fungu kubwa la koziweki. Kwa jasho langu mwenyewe niliandikiwa sifuri.

Muhula wa pili ulipoanza, niliungana na wenzangu kadhaa tukamwomba mwakilishi wa darasa apeleke barua: tunaomba kila mwanafunzi apewe kazi yake. Tuliitwa wabinafsi. Nakumbuka vizuri waliotia saini walivyosema, maana nilikuwa nimekaa nao. Mmoja alisema hawezi kubeba watu saba mgongoni na kugawana nao alama sawa. Mwingine alisema anaogopa kuuliza swali mbele ya watu ambao kesho watamcheka kwenye korido. Mwingine alisema amelipiwa ada na ukoo mzima, kwa hiyo hawezi kuweka matokeo yake mikononi mwa mtu asiyemjua. Sikusikia hata mmoja akisema hapendi kusoma na wenzake. Walikuwa wanakataa kuporwa. Walimu wenzangu, mkisikia darasa linanung'unikia makundi, tafadhali sikilizeni kwanza ni nini hasa linachokataa.

Baadhi ya kozi zilikubali ombi letu, nami nikasoma peke yangu. Haki niliipata: kila alama niliyoandikiwa ilikuwa yangu. Lakini hisabati ya chuo ina mahali ambapo madesa, yaani noti za kunakili, na kukariri havifiki. Unaweza kunakili uthibitisho mara nyingi ukaujua kwa moyo, na bado usijue kwa nini mstari wa tatu unafuata wa pili. Peke yangu chumbani, hapakuwa na mtu wa kuniuliza "kwa nini?" Mtihani wa mwisho wa mwaka ulipokuja, uliniuliza hilo hilo. Nikatoka na sapu mbili, zote za hisabati.

Anayejua maisha ya chuo anajua uzito wa neno sapu kwa mtoto wa mkulima. Unarudia mtihani kabla mwaka mpya haujaanza. Ukishindwa tena, chuoni kwetu unadisko: unaondolewa masomoni, mkopo wa serikali unakatika, na deni la ulichokwisha kutumia linabaki kwa jina lako. Nyumbani mwaka ule mvua zilikuwa za kusuasua, pamba ikawa haba, na ng'ombe waliouzwa ili niende chuo hawakuwa wamerudi zizini. Nauli ya kwenda Simiyu na kurudi haikuwepo. Wenzangu waliondoka likizo. Mimi nilihifadhiwa na dada mmoja mwenyeji wa Maswa aliyekuwa amepanga chumba jirani na chuo, naye akiwa na sapu. Mama alituma kwa basi mfuko wa viazi vikavu vya michembe na mboga kavu ya nsansa, na tukala hivyo. Kuna usiku niliomba Mungu anipe ujasiri wa kuwaambia wazazi kwamba basi, narudi kulima. Ujasiri huo sikupewa, na leo nashukuru kwamba sikupewa.

Nilipompigia baba, nilimwambia nina nia ya kujaribu kusoma na wenzangu watatu wenye sapu kama mimi, ila nina kinyongo na makundi. Baba hakusoma zaidi ya shule ya msingi, lakini pamba anaijua, na historia yake anaijua.

"Mwanangu," alisema, "babu yako hakuingia ushirika kwa kuwapenda majirani. Aliingia kwa sababu ya mizani."

Alikuwa akizungumzia jambo ambalo wazee wa Usukumani wanalikumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima walijua wanapunjwa uzito na wanunuzi wa pamba. Hawakuanza kwa hotuba za umoja. Walichagua watu wao wa kusimama penye mizani ili kuhakikisha kila mzigo unapimwa sawasawa. Kutokana na juhudi hizo, chini ya viongozi kama Paul Bomani, vikajengwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambao katika miaka michache ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Baadaye manung'uniko yalipozidi juu ya uendeshaji wa vyama vya ushirika nchini, serikali iliunda tume ya kuvichunguza mwaka 1966. Baba alinieleza kwa maneno yake: pamba ya kijiji inapanda lori moja, lakini kilo zinaandikwa kwa jina la kila mtu; siku kilo zikianza kupotea, watu wanaanza kuukimbia ushirika, na huwezi kuwalaumu. "Kwa hiyo," akamalizia, "usiwaulize wenzako kama wanakupenda. Waulize mtapimana vipi."

Nilikwenda na swali hilo kwa wenzangu. Tulikuwa wanne: mimi, dada yule wa Maswa, kaka mmoja wa Kigoma na mwingine wa Mtwara. Tulikaa chini ya mti nyuma ya maktaba, tukajadiliana kwanza kuhusu haki. Tulikubaliana kwamba hakuna anayefika mkutanoni bila daftari lenye jaribio lake mwenyewe, hata kama limekwama njiani. Asiye na jaribio arudi akalifanye. Tulikubaliana kwamba anayesimama kueleza ni yule ambaye hajaelewa, na waliokwisha kuelewa kazi yao ni kuuliza tu. Tulikubaliana kuelewa kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani ulikuwa wa Kiingereza. Na kila Jumamosi tulifanya mtihani wa miaka iliyopita kila mtu peke yake, kimya, kisha tukasahihishiana na kuandika alama za kila mmoja mahali wote wanapoziona. Hiyo ndiyo ilikuwa mizani yetu. Hakuna aliyeweza kujificha nyuma ya mwenzake, wala aliyeweza kuchukua jasho la mwenzake.

Nitaeleza siku moja ili ieleweke kundi kama hilo linafanya nini ambacho mtu peke yake hawezi. Tulikuwa tumekwama kwenye maana rasmi ya kikomo, ile ya epsiloni na delta. Wote tulikuwa tumeikariri. Niliposimama kueleza, kaka wa Kigoma aliniuliza: epsiloni anaichagua nani? Sikuwa na jibu. Delta je, anaichagua nani? Tulibishana sana, kwa Kiswahili na Kisukuma kidogo, mpaka dada wa Maswa akasema: hawa ni watu wawili. Mmoja ni mpinzani. Anakuja na epsiloni yake, ndogo kadiri apendavyo, anasema, "Nataka jibu lisikosee zaidi ya hapa." Mwingine lazima amjibu kwa delta: "Basi usitoke nje ya umbali huu, na kosa halitazidi hapo." Kama kwa kila epsiloni ya mpinzani delta inapatikana, namba tunayoidai ndiyo kikomo. Mpinzani akileta epsiloni moja tu isiyo na delta, namba hiyo si kikomo.

Tukaanza kuifanya hivyo hivyo, mmoja akitoa epsiloni, mwingine akitafuta delta, kisha tukibadilishana. Kwa saa moja nilielewa kile ambacho mwaka mzima wa kunakili haukunipa. Na niliona jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: maana ile yenyewe ni mazungumzo. Ukiisoma peke yako lazima uwe watu wawili kichwani mwako, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kuwa mpinzani mkali wa nafsi yake. Anamhitaji mwenzake amkatalie.

Mtihani wa sapu ulipofika, watatu kati yetu tulivuka. Kaka wa Mtwara alianguka somo moja, akaondolewa. Sitaki kulipita hili haraka, maana si haki kusimulia kana kwamba kundi zuri linaokoa kila mtu. Alikuja na pengo kubwa kuliko letu, na wiki zile hazikutosha kuliziba. Alama zake za kila Jumamosi zilikuwa zimepanda, tena kwa jina lake. Mwaka uliofuata aliomba chuo kingine kwa ngazi ya diploma, akakubaliwa, na leo yuko kazini.

Nilipofika masomo ya juu ya ualimu, nilikuta kwamba mambo tuliyoyaona chini ya mti ule yalishapimwa na watu wengine mbali na kwetu. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwavutisha watu kamba akapima nguvu zao. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913, watu wanane walipovuta pamoja, kila mmoja kwa wastani alitoa karibu nusu tu ya nguvu aliyoitoa akiwa peke yake. Sehemu yake ni kukosa kuvuta kwa mpigo mmoja. Lakini watafiti wa Marekani waliolirudia suala hilo kuanzia mwaka 1979, kwa kuwapigisha watu makofi na kelele, walionyesha kwamba watu hupunguza juhudi wakijua mchango wao hauonekani. Ukiwaonyesha kwamba sauti ya kila mmoja inapimwa, uzembe ule unapungua sana. Nilisoma nikamkumbuka baba.

Tena nilisoma habari za Uri Treisman, mwanahisabati aliyekuwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Katikati ya miaka ya 1970 alijiuliza kwa nini wanafunzi weusi, waliotoka sekondari na alama nzuri, walikuwa wakianguka sana katika kalkulasi ya mwaka wa kwanza, ilhali wenzao wenye asili ya China wakifaulu. Wahadhiri walimpa sababu za umaskini, malezi na kukosa hamasa. Akaenda kukaa nao na kuwatazama wanavyosoma. Aliwakuta wale weusi wana bidii kubwa, ila karibu wote walisoma peke yao. Wale wengine walisoma peke yao kwanza, kisha wakakutana, wakalinganisha majibu na kusahihishana. Treisman alianzisha warsha ambazo wanafunzi walipewa maswali magumu ya kufanya pamoja, bila kuwatendea kama watu dhaifu, na matokeo yao yakabadilika kabisa. Mtoto wa Kimali akisoma hayo hahitaji kuelezwa. Bidii tunayo. Kinachotupungukia ni mtu wa kutukatalia kwa haki.

Sasa nipo upande wa pili wa meza. Kila mwaka wanachuo wangu wananijia: "Mwalimu, tupe kila mtu kazi yake." Siwaiti wavivu. Nawaambia wanieleze walichotendewa kwenye makundi yaliyopita, na wanaeleza, na hadithi zao zinafanana na yangu. Kisha naweka mizani. Makundi ni ya watu wanne, nayapanga mimi, ili asiye na rafiki wala kompyuta asiokotwe kwa hisani. Kila mmoja anakuja na jaribio lake lililoandikwa, nami nalitazama. Mikutano inafanyika ndani ya muda wa kipindi, mchana, si saa nne usiku. Namchagua yeyote kundini aeleze, na alama ya maelezo ni yake mwenyewe. Mwisho wa kazi kila mmoja ananiandikia kwa siri nani amefanya nini, na anayelalamika kuonewa nasikiliza lalamiko lake siku hiyo hiyo. Hakuna mwanafunzi wangu atakayeambiwa akamalizane na waliompora.

Hata hivyo wengine bado hawapendi, na hilo nalo nimejifunza kulikubali. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walichapisha utafiti juu ya madarasa ya fizikia: wanafunzi waliofanya kazi darasani na wenzao walifanya vizuri zaidi katika jaribio kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza machache kuliko wale wa mhadhara. Mhadhara unaoteleza hukufanya uone umeelewa. Kubishana kunachosha, kunakuonyesha usichokijua, na mtu aliyelelewa kuwa wa kwanza darasani hapendi kuonyeshwa. Kwa hiyo nawaambia wazi tangu siku ya kwanza: mtachoka, na kuchoka huko ndiko kujifunza. Nikificha, wanadhani mwalimu amekwepa kufundisha.

Kwako mwanafunzi uliyeumizwa na kundi: usiache kudai haki yako, ila usijinyime watu wa kukuuliza maswali. Watafute watatu wenye shida kama yako, na kabla ya kufungua daftari kubalianeni mtapimana vipi. Kwako mwalimu: ukiwapa kazi ya kundi bila kupima mchango wa kila mmoja, umewaachia wenye nguvu wawale wanyonge, na wakikataa wanakuwa wamekuambia ukweli. Simamia mizani kwanza. Mimi nimesimama mbele ya darasa la hisabati leo kwa sababu wenzangu wachache walikubali kupimwa pamoja nami.